Jina la mtoto kwa debe la mahindi

Mara ya kwanza niliiona The Hunger Games kwenye kibanda umiza kimoja Mwanjelwa, Mbeya, nimekaa kwenye benchi lililopinda katikati. DJ aliyeitia Kiswahili alimbatiza Katniss, binti shujaa wa picha, "dada Katarina", na kila mshale ukitoka yeye anapiga kelele, "Kula chuma hicho!" Tulicheka mpaka basi. Nikatoka na baridi ya Julai ikinikata masikio, nikiamini nimeielewa picha: watoto 24 wanatupwa porini, wanauana, anabaki mmoja.

Miaka ilipita ndipo nikaisoma riwaya yenyewe ya Suzanne Collins, iliyotoka 2008. Nikaona kuwa filamu ile ya 2012 imenipunja.

Kwenye kitabu kuna kitu kinaitwa tessera. Kila mtoto wa miaka 12 hadi 18 jina lake linaingia kwenye bahati nasibu ya kifo, na kila mwaka linaongezwa moja. Hapo wote sawa. Lakini ukiwa na njaa, unaruhusiwa kuliongeza kwa hiari yako, na kila unapoliongeza unapewa nafaka na mafuta ya kumtosha mtu mmoja mwaka mzima, kwa kubana sana. Katniss alianza ana miaka 12: jina moja la lazima, na matatu kwa ajili yake, mama yake na mdogo wake Prim. Akarudia hivyo kila mwaka, na akifika 16 jina lake limo mara 20. Rafiki yake Gale, mwenye wadogo wengi, mara 42.

Hii sisi tungeiita mkopo wa kausha damu, basi.

Filamu inaligusa jambo hili kwa sentensi mbili tatu za haraka. Ile ya 42, nadhani, ndiyo DJ wetu aliipitishia mzaha. Tena filamu imemfuta kabisa Madge, binti wa meya, ambaye kitabuni Gale anamvaa kwa hasira kwa sababu jina lake limo mara chache tu; kwao chakula kipo. Ukimwondoa huyo binti, bahati nasibu inaonekana ya haki, balaa linalomwangukia yeyote. Wakati si kweli hata kidogo. Nisimwonee mwongozaji Gary Ross peke yake, maana Collins mwenyewe alishiriki kuandika mswada wa filamu. Na siku ya kuitwa majina wameipatia: uwanja kimya, vumbi, watoto wamechomekea mashati. Jennifer Lawrence, anayemwigiza Katniss, pale hana mpinzani. Ila wakishaingia porini, kamera inatikisika mpaka kichwa kinauma, na njaa iliyobeba jina la hadithi inageuka mapambo.

Labda nimelishika hili kwa sababu ya nilikokulia. Kwetu Uyole watu wanasema Nyanda za Juu Kusini ndilo ghala la taifa, na ni kweli, malori ya mahindi tumeyahesabu sana barabarani. Lakini Februari, mahindi yakiwa bado mabichi shambani, nyumba nyingi zilikuwa zinaishi kwa kukopa. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye stoo. Akikukopesha debe, anapitisha kijiti juu, linakuwa sawasawa na ukingo. Ukirudisha Julai unarudisha mawili, na anataka yafurike juu kama kichuguu. Punje zikidondoka unaziokota, unazirudisha juu.

Mama aliona aibu kwenda, akawa ananituma mimi. Nilikuwa na miaka kumi na moja hivi. Mzee alikuwa na daftari la mistari lenye jalada la bluu, na hakuwa na habari na baba wala mama wa mtu. Aliniuliza, "Unaitwa nani?" Nikamtajia, akaliandika, akalipigia mstari chini.

Mwaka ule nilitumwa mara nne.