Dizeli ya Bruce Willis

Watu 5 ndio waliotajwa kuwa waandishi wa picha ya Armageddon ya mwaka 1998. Wote walilipwa kwa dola. Halafu aliyekuja kukunjwa shati kwa ajili ya kazi yao ni mimi, Manyoni, mkoani Singida, ndani ya kibanda umiza.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha 6, nasubiri matokeo nyumbani kwa mjomba. Jirani yake alikuwa na kibanda cha video: mabati, mabenchi, televisheni ya inchi 21, deki, na jenereta iliyokaa nyuma ya ukuta ikinguruma kuliko spika. Enzi zile picha ya Kizungu bila mtafsiri haikuuzika. Dar walikuwa na Lufufu, ambaye watu walilipa kiingilio kumsikiliza yeye kabla ya kumtazama steringi. Sisi tulikuwa na kijana mmoja wa pale mjini, Kiingereza cha kubahatisha lakini mdomo anao. Jumamosi hiyo kibanda cha ng'ambo ya reli kikampandia dau, akahama na maiki yake.

Mwenye kibanda akaja mbio kwa mjomba. "Huyu mpwa wako si anajua Kiingereza?"

"Kama maji," mjomba akajibu, hata kabla sijameza tonge.

Nikaomba angalau niiangalie picha yenyewe kwanza. Akasema petroli ya jenereta ni ya kuonyeshea, si ya kufanyia mazoezi.

Usiku kibanda kilifurika. Mbele, chini kwenye mkeka, watoto. Benchi la kwanza alikaa babu mmoja mwenye kanzu na bakora, kazungukwa na wajukuu, mtu ambaye ukimvunjia heshima habari inafika kwenu kabla yako. Na nyuma kabisa walijaa mafundi wa kuchimba visima, wametoka porini na mtambo wao, suruali zimeganda tope la kijivu, mishahara iko mfukoni. Walikuja kwa sababu mwenye kibanda alikuwa ameandika kwa chaki kwenye ubao wa nje: WACHIMBAJI WAENDA ANGANI. Hawakuwa wamewahi kuona picha inayowahusu.

Nilianza kwa uaminifu mkubwa. Jiwe lenye ukubwa wa Texas linakuja kuipiga dunia, zimebaki siku 18.

"Hiyo Texas ni kubwa kiasi gani?" babu akauliza.

"Kama robo tatu ya Tanzania, babu."

"Na hawakuliona mpaka leo?"

Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba jiwe kubwa kuliko yote katika ule ukanda wa mawe unaolizunguka jua, Ceres, kipenyo chake hakifiki kilomita 1,000, na bado Mtaliano Giuseppe Piazzi aliliona mwaka 1801 akiwa Palermo, kwa darubini ya enzi hizo. Texas, kutoka upande hadi upande, inapita kilomita 1,200. Kwa hiyo hawa wa Marekani, na mitambo yao yote, walishindwa kuona kitu kikubwa kuliko kile alichokiona mzee wa watu miaka karibu 200 nyuma. Swali la babu lilikuwa zito kuliko picha nzima. Usiku ule nilijibu nilichokuwa nacho:

"Kulikuwa na mawingu."

Akatikisa kichwa, akakubali. Hapo ndipo nilipoonja utamu wa kutunga, na sikurudi tena.

Ikaja sehemu ya mtambo wa mafuta baharini. Bruce Willis, steringi na bosi wa wachimbaji, anaingia chumbani, anamkuta Ben Affleck, kijana wake wa kazi, kitandani na binti yake. Anachukua bunduki, anamkimbiza kijana juu ya mtambo, risasi zinalia. Mimi naangalia chini, naona macho ya wajukuu wa babu yananitazama yanasubiri Kiswahili. Ningesema nini? Nikakamata maiki:

"Mzee amegundua kijana anaiba dizeli!"

Nyuma kicheko kikalipuka, kisha kikakatika ghafla kama redio iliyoisha betri. Nilidhani wameguswa na ufundi wangu.

"Na yule dada aliyelala?" mtoto mmoja akauliza.

"Anaumwa tumbo."

Hilo la tumbo lilinisumbua mbele ya safari, maana waandishi wetu 5 waliona ni busara, dunia ikiwa inakaribia kwisha, kuweka kituo wapenzi walale kwenye majani, kijana amtembezee msichana biskuti za wanyama tumboni, wimbo unapigwa. Watoto wakageuka kwangu tena.

"Anampima," nikasema.

"Kwa biskuti?" Babu alikuwa amesogea mbele ya benchi.

"Wazungu wana njia zao, babu."

"Maskini. Basi apone."

Sasa tukafika kwenye moyo wa kisa. Wakubwa wa anga wanaamua kwamba, ili kulitoboa lile jiwe na kuzika bomu ndani, wachukue wachimba mafuta wawafundishe uanaanga kwa siku 12. Nyuma akasimama msimamizi wa mafundi, mtu wa mabega, sauti ya kuzoea kushindana na kompresa.

"DJ, simamisha hapo. Kwa nini wasiwafundishe hao wanaanga kuchimba? Kuchimba nimemfundisha huyu kwa wiki 1, na darasa la 7 hakumaliza."

Kibanda kizima kikageuka kunitazama mimi, si Bruce Willis. Ujue swali hilo hilo Ben Affleck mwenyewe alisimulia kwamba alimuuliza mwongozaji, Michael Bay, akaambiwa afunge mdomo. Mimi sikuwa na ubavu wa kumwambia yule mtu afunge mdomo. Nikasema:

"Wanaanga wamegoma. Hawajalipwa posho."

"Aaah!" Kibanda kizima. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekaa pembeni akasema kwa sauti, "Hapo sasa sawa." Ukitaka maoni yangu, posho ile ingewaokoa waandishi wote 5, na haikuhitaji bajeti ya dola milioni 140.

Baada ya hapo wachimbaji wanatoa masharti yao kwa serikali, na mojawapo ni kutolipa kodi tena maishani. Hiyo niliitafsiri neno kwa neno, na ndiyo iliyopigiwa makofi kuliko zote. Haki yao wale 5, sharti lile waliliandika vizuri.

Kutoka hapo picha ikawa kesi na msimamizi ndiye wakili. Gari la kuchimbia limefungwa bunduki ya rashasha. "Juu ya jiwe tupu, wanakwenda kumpiga nani?" Nikamwambia ni ulinzi wa dizeli. Akaguna, akawatazama vijana wake mmoja mmoja, akakaa. Walipoanza kuchimba akasimama tena, na safari hii hakuwa akiniuliza mimi, alikuwa akiwahutubia waliokuja. Sisi, akasema, tunachimba kwa hewa. Kompresa ndiyo inayopiga nyundo kule chini, na hewa hiyo hiyo ndiyo inayopuliza unga wa mwamba uje juu. Pasipo hewa unatumia maji au tope. Sasa kule hakuna hewa, maji siyaoni, wanataka futi 800 kwenye mwamba, unga unatolewa na nini? Biti, ile ncha ya kutobolea, si itakwama kabla ya futi 10? Na mtambo wenyewe umeegemea nini, ikiwa kule kitu hakina uzito?

Hakuna aliyeitazama televisheni kwa muda huo. Nilimsikiliza na mimi nimeshika maiki, na nakiri nilielewa kazi ya kuchimba kisima vizuri kuliko nilivyoelewa picha. Mtu mmoja kama yule angekaa na waandishi kwa chai moja tu, picha ingesimama.

Mtu pekee aliyewapendeza mafundi ni yule Mrusi ambaye chombo kinapogoma kuwaka anakishindilia kwa spana mpaka kinawaka. Walisimama wakampigia makofi.

Na mtu asinielewe vibaya. Sisi hatuna ugomvi na uongo. Tumelelewa na sungura anayesema, na hakuna mtoto aliyewahi kuuliza sungura kajifunza lugha wapi. Lakini fisi akidanganywa mara ya pili kwa hila ile ile, bibi anaulizwa, na bibi anakuwa na jibu. Hollywood haina jibu. Ina moto, na moto ukizimika inawasha mwingine. Picha hii iliongoza dunia kwa mapato mwaka ule, zaidi ya dola milioni 550, basi wangebadilika kwa sababu gani? Mwaka 2022 wakatoa picha ya dinosari, Jurassic World Dominion, watu wakalipa kuona dinosari, kisa chenyewe kikaenda kuwa nzige. Nzige! Kenya ilikuwa imevamiwa nao mwaka 2020, bila kiingilio.

Turudi kibandani, maana mwisho ndio ulioniponza. Bomu limeharibika, lazima mtu 1 abaki alilipue kwa mkono. Wanapiga kura, inamwangukia Ben Affleck.

"Dizeli!" vijana wa mbele wakashangilia. "Mwizi afe!"

Nami nilijaa furaha, kwa kuwa kwa mara ya kwanza picha na tafsiri yangu vilikuwa vinakwenda njia moja. Mwizi anakufa, mzee anarudi, watu wanakwenda kulala. Ndipo Bruce Willis anapomshusha kijana, anamng'olea bomba la hewa, anamsukumia ndani ya chombo, anabaki yeye, na kumwambia kwamba binti ni wake.

Kibanda kiliwaka. Kwanza, steringi hafi. Hiyo ni sheria, tulizaliwa tukaikuta. Pili, steringi anakufa kwa ajili ya nani?

"Yaani," msimamizi alikuwa tayari amesimama juu ya benchi, "bosi afe, na mwizi wa dizeli apewe binti?"

"Tena mgonjwa!" akasema babu.

Nilikuwa na sekunde chache. Kwenye televisheni kijana analia kwa uchungu, machozi ya kweli, na machozi yanataka sababu. Nikasema kwa sauti nzito ya kutangaza msiba:

"Amekiri! Kijana amekiri kila kitu! Amewataja na wote aliokuwa akiiba nao!"

Kutoka gizani, benchi la nyuma, sauti nyembamba ikapaa:

"Sikuwa peke yangu! Hata dereva alichukua madumu!"

Kumbe tangu walipokuwa wanachimba upande wa Itigi, dizeli ya kompresa ilikuwa inapungua, na msimamizi alikuwa ameshauliza kwa upole, ameshauliza kwa matusi, hakuna aliyeona wala kusikia. Kijana wa watu alikuwa amekaa saa 2 nzima anasikiliza tafsiri yangu akiamini natumwa. Dereva aliruka kumkamata kijana, benchi likabinuka na watu 6 juu yake, mwingine akakimbilia mlangoni bila kutajwa na mtu, naye akakamatwa kwa kukimbia kwake. Watoto wakapanda juu ya meza ya deki kuona vizuri. Ngumi zilikuwa za kweli na za bure.

Msimamizi hakwenda kwa kijana. Alikuja kwangu. Akanikunja shati mpaka kifungo cha juu kikaruka.

"Nani kakuambia habari za dizeli?"

"Si mimi, bosi! Ni waandishi!"

Uso wake ukabadilika. "Imeshafika kwa waandishi? Wa redio au wa gazeti?"

Katikati ya vumbi babu akapita, wajukuu wamemshika kanzu, bakora imeinuliwa kufungua njia. Alipofika usawa wangu akasimama, akasubiri msimamizi apumue, kisha akaniuliza taratibu:

"Mwanangu, lakini tumbo la yule binti lilipona?"

"Lilipona, babu."

"Alhamdulillahi."

Mwenye kibanda alizima jenereta, giza likaamua ugomvi. Akahesabu kiingilio kwa tochi, akatoa gharama ya benchi, akatoa petroli, kilichobaki kwangu kikawa soda. Akaongeza kwamba yule wa ng'ambo ya reli hakuwahi kumvunjia hata kigoda.

Asubuhi niko uani nashona kifungo, msimamizi akaingia, amevaa shati safi. Nikatafuta mlango wa nyuma kwa macho. Akavuta kigoda, akakaa, akasema dereva na wenzake wamekubali kukatwa mshahara, na kwamba hakuwahi kuona tafsiri kama ile. Kisha akainama, akashusha sauti.

Kambini kulikuwa kumepotea betri 2 za gari, zile za N70. Je, sina picha yenye mambo ya betri? Kiingilio cha vijana wote angelipa yeye, mabenchi angepanga yeye, na mpishi angekaa mbele kabisa.