Tumbawe limenywea: ulihamishe au uliache?

Euphyllia yangu, iliyomo kwenye tangi la maji ya bahari sebuleni, ilikuwa siku ya nne imejifunga. Ni lile tumbawe la minyiri mirefu inayopepea kama makuti wakati wa kusi, ncha zake rangi ya dhahabu. Sasa minyiri yote ilikuwa imerudi ndani ya mfupa na kilichobaki kinaonekana ni meno ya chokaa tu. Mwenye duka alinambia nilipandishe juu ya jiwe, kwa kuwa chini halipati mwanga. Kaka mmoja wa Lamu, aliyeanza kufuga matumbawe hapa Birmingham zamani kabla yangu, alinijibu kwa ujumbe mfupi wa sauti: "Toa mkono wako majini, ndugu yangu. Wiki tatu usiliguse."

Kila anayeanza tangi la maji ya bahari nyumbani hukutana na kauli hizi mbili, na kila moja ina watu wake wanaoitetea kwa jasho. Mimi naegemea upande wa kaka wa Lamu. Ila kuna mahali naachana naye, nitafika huko.

Hoja yake ina mizizi. Sehemu kubwa ya chakula cha tumbawe hutoka kwa mwani wa chembe moja unaoishi ndani ya nyama yake. Mwanga ukiwa hafifu, rangi za kunasia mwanga huongezeka, ndiyo maana tumbawe la kivulini huwa la hudhurungi iliyokolea. Mwanga ukiwa mkali, rangi hizo hupungua. Marekebisho hayo hayaishi kwa usiku mmoja, huchukua wiki mbili, tatu, pengine mwezi. Anayelihamisha kila baada ya siku tatu anamfukuza mpangaji kabla hajatandika kitanda. Na ndani ya tangi, hatua ndogo ni safari ndefu. Baharini ukishuka sentimita 20 hakuna kilichobadilika, lakini chini ya taa ya LED iliyoning'inia karibu na maji, sentimita hizo hizo zinaweza kukutoa kwenye mwanga wa wastani hadi mwanga wa kuunguza, na mkondo wa pampu nao ukawa mwingine kabisa.

Halafu kuna mkono wenyewe. Nyama ya Euphyllia ni laini na mfupa wake una kingo kali, ukiibana kidogo tu imechanika. Kidonda kikishika ule ute wa kahawia unaooza, kichwa kizima kinaweza kwisha kwa siku mbili. Na anayehamisha Zoanthus au Palythoa, jamaa wa matumbawe wasio na mfupa, avae glavu na miwani, maana sumu yao, palitoksini, imeshawalaza watu hospitali.

Kuna jambo jingine ambalo wapenda kuhamisha hawapendi kulisikia. Tumbawe hunywea kwa sababu nyingi zisizohusu mahali lilipo. Sarcophyton, tumbawe laini lisilo na mfupa mgumu, hujifunga siku kadhaa, likaonekana kama ngozi iliyokufa, kisha likavua utando wake wa nta na kufunguka likiwa zuri kuliko mwanzo. Mgeni wa mambo haya hulihamisha siku ya tano, lenyewe likafunguka siku ya sita, naye akaapa kwamba kona mpya ndiyo iliyoliponya. Ushuhuda mwingi wa "nililisogeza likapona" nina mashaka kuwa ni wa namna hii.

Lakini neno "liache" linabeba dhana ambayo haisemwi: kwamba mahali ulipoliweka mwanzo panavumilika. Chukua kipande cha Acropora, tumbawe la matawi, kilichokaa dukani kwa miezi kwenye mwanga wa PAR 80 (PAR ni kipimo cha mwanga ambao mwani huweza kuutumia), ukakipandisha siku hiyo hiyo kileleni penye 350. Ni kweli Acropora hupenda mwanga wa kiasi hicho, vitabu vyote vinasema. Kipande hiki, hata hivyo, kimefika na mwani uliojipanga kwa kivuli. Unanasa nishati kuliko unavyoweza kuitumia, oksijeni yenye sumu inajaa ndani ya nyama, na tumbawe linautema mwani wake na kupauka. Hapa wiki tatu za subira ni wiki tatu za kusubiri mazishi.

Tuliotoka pwani tunalijua neno kupauka. Mwaka 1998 bahari ilipopata joto la El Niño, miamba ya Kenya na Tanzania ilipauka na sehemu kubwa ya matumbawe ikafa. Chanzo kilikuwa joto, si taa, ila mwisho wake ni ule ule, mwani kutemwa. Na mwaka huo umeacha somo ambalo wafugaji wa nyumbani hawalitumii ipasavyo. Watafiti Nakamura na van Woesik, waliofanya kazi Okinawa, Japani, walichapisha mwaka 2001 jaribio lao la kuweka Acropora kwenye maji ya joto: yaliyopata mkondo wa nguvu yalinusurika, yaliyokuwa kwenye maji yaliyotulia yakapauka. Mkondo hukwangua tabaka jembamba la maji yaliyotuama juu ya nyama na kuondoka na kile kinachodhuru. Kwa hiyo kabla hujashika jiwe, shika pampu. Igeuze uone.

Taa vilevile. LED za leo hupunguzwa kwa kidole kwenye simu. Kwa nini uhamishe mnyama wakati unaweza kuhamisha jua? Teremsha taa hadi nusu, kisha ipandishe kidogo kila wiki, na tumbawe litazoea likiwa pale pale litakapoishi. Kaka wa Lamu hana pingamizi hapo. Mwenye tangi lililojaa ndiye mwenye pingamizi, tena ana haki: akipunguza taa kwa ajili ya mgeni mmoja, wenyeji ishirini wa juu wanalazwa na njaa. Huyo afunike mgeni wake kwa kipande cha wavu, au akubali kumpandisha ngazi kwa ngazi, wiki mbili kila ngazi. Huko ni kuhamisha, sikatai. Ila ni kuhamisha kwa ratiba iliyopangwa kabla, si kwa hofu ya jioni.

(Wapo pia wasiosubiri uamuzi wako. Fungia, tumbawe lenye umbo la kofia ya uyoga lisiloshika mwamba, hujivimbisha na kujisukuma juu ya mchanga, hata kujichimbua likifukiwa. Ukiliweka juu ya jiwe utalikuta chini, limejichubua. Anemoni nayo, isipopapenda mahali, itatembea tangi zima hadi iingie kwenye pampu.)

Sasa turudi kwa Euphyllia. Usiku wa tano nilishuka sebuleni na tochi yenye mwanga mwekundu. Pembeni, kama sentimita 15, nilikuwa nimegundisha kipande cha Galaxea, tumbawe jingine, kidogo kama kifuniko cha soda, na nikajiona nimeacha nafasi ya kutosha. Gizani kipande kile kilikuwa kimetoa nyuzi nyeupe, nyembamba kama uzi wa kushonea, zinaelea na mkondo na kumgusa jirani. Mwamba mzima wa Galaxea huweza kurusha minyiri hiyo ya vita hadi sentimita 30. Na mkondo ulikuwa unaipeleka moja kwa moja, mkondo niliouelekeza mimi.

Kumbe wote wawili walikuwa wamekosea, na kosa lao lilikuwa la aina moja. Mmoja alisema juu, mwingine alisema subiri, hakuna aliyeuliza jirani ni nani. Mambo haya si mageni. Mtafiti Judith Lang aliyaandika tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 kutoka Jamaika: tumbawe likiwekwa karibu na jingine hutoa nyuzi za tumboni na kuliyeyusha likiwa hai, na kuna mpangilio wa nani humshinda nani. Mwanga mtu huuzoea. Kuliwa hakuzoeleki. Hapa ndipo ninapoachana na kaka wa Lamu: palipo na vita, kila usiku wa subira ni nyama inayopotea.

Hata hivyo Euphyllia sikuigusa. Niling'oa Galaxea na kuipeleka kona ya mbali, mahali ambapo mkondo unaelekea kwenye kioo, si kwa jirani. Nilipomweleza kaka, alicheka, akasema bado hajashindwa, kwa sababu mgonjwa alibaki mahali pake. Tunabishana hadi leo pia kuhusu gundi. Mimi kwa sasa sigundishi kitu mwezi wa kwanza, yeye anasema konokono watakiangusha kifudifudi mchangani nikiwa kazini, na mara mbili wameshafanya hivyo.

Euphyllia ilitoa ncha siku ya tisa. Ile kona ya Galaxea ina duara la jiwe tupu kuizunguka, na kila mgeni akija huuliza mbona pale sijaweka kitu.