Presha si ugonjwa wa wenye nazo

Nyumbani Tanzania bado watu wanasema presha na moyo ni maradhi ya wenye nazo: kitambi, gari, nyama choma kila Ijumaa. Huku Uingereza ninakoishi, moyo unawamaliza zaidi watu wa chini, na hilo limejulikana zamani. Kuanzia 1967 watafiti waliwafuatilia wanaume waliokuwa watumishi wa serikali London. Fukara hakuwepo, kila mmoja ana mshahara na matibabu ya bure. Lakini matarishi na walinda milango walikufa kwa ugonjwa wa moyo karibu mara tatu ya vigogo wa ofisi hizohizo, na sigara, presha na lehemu (kolesteroli, mafuta ya kwenye damu) vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo.

Utasema, basi huko angalau watu wanapimwa. Ni kweli, England mwenye miaka 40 hadi 74 asiye na maradhi hayo huitwa kila baada ya miaka mitano, bure. Ila nani anaenda? Mimi natunza wazee, zamu za usiku. Wenzangu wengi barua ikifika inaishia kwenye droo. Miadi ni saa nne asubuhi, mtu ndio kwanza ametoka kazini anatafuta usingizi, na kwa mikataba yetu saa usiyofanya kazi hailipwi. Meneja wetu anakwenda na mshahara wake uko palepale, kwa hiyo lehemu yake anaijua kama namba yake ya simu. Hapo tuseme yeye ana elimu na sisi wajinga?

Tanga nina shangazi aliyeambiwa ana presha, akameza vidonge mpaka kichwa kikaacha kuuma, akaviacha. "Nimepona, mwanangu, dawa ya nini tena?" Hakuna aliyemweleza kwamba presha inaweza kuwa juu bila kuumwa chochote, na kwamba dawa zake kwa kawaida ni za kudumu. Daktari alikuwa na foleni hadi nje. Halafu bima hana, na kidonge kinashindana na unga. Jirani yake, mstaafu wa benki, ana mashine ya presha sebuleni. Wanakula samaki walewale kwa chumvi ileile, ila mmoja alipimwa kazini miaka yote na mwingine aliuza vitumbua.

Ndiyo maana semina, matembezi na fulana za Siku ya Moyo Duniani, kila Septemba 29, hazinishawishi; mara nyingi wanaotembea ni wale wanaojua tayari. Daktari Julian Tudor Hart aliandika mwaka 1971 kwamba huduma nzuri hupungua pale inapohitajika zaidi. Kijijini kwake Glyncorrwg, kwa wachimba makaa wa Wales, hakukaa akisubiri watu waelimike. Aliwapima presha wagonjwa wake wote, hata aliyekuja kwa kikohozi.

Tunajivunia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, hospitali ya Dar es Salaam inayopasua moyo, na ni haki yetu, lakini presha ya shangazi haihitaji kupasuliwa. Inahitaji zahanati ambayo mama akileta mjukuu kwa chanjo anafungwa mashine mkononi, anatajiwa namba yake, inaandikwa daftarini, na anaondoka na dawa za miezi mitatu badala ya kurudishwa kwenye foleni kila mwezi. Na akikosa kuja, mhudumu wa afya wa mtaa amfuate kibarazani kwake, pale anapokaangia vitumbua.