Malaria ya Ijumaa

Ile habari ya barua pepe niliyokosea kuituma, mliyosimuliwa na shemeji yangu kwenye grupu, eti mpaka nililia, ina chumvi nyingi. Sikulia. Macho yaliniwasha tu.

Mnanijua: barua pepe zangu nasomea kwenye teminali, lile dirisha la kuandikia amri, kwa notmuch, programu ya kutafutia barua pepe, na nimewaringishia vya kutosha. Sasa mimi ndiye katibu wa kamati ya harusi ya binamu yangu, na jana nilitaka anwani za wajumbe chapchap, yaani waliotuma barua zenye kichwa "kamati ya harusi":

notmuch address subject:"kamati ya harusi"

Zikashuka anwani tele. Nikazibandika zote bila kusoma (mnaocheka mapema, subirini), nikaandika: "Wajumbe, viti na maturubai tunachukua Ijumaa asubuhi. Kazini siku hiyo nitakuwa naumwa malaria, msinipigie mpaka mchana." Nikatuma.

Kumbe bash, programu inayopokea amri za teminali, ilishazila zile alama za kunukuu kabla notmuch haijaziona. Kilichofika ni subject:kamati ya harusi. Yaani kwenye kichwa cha barua linatafutwa "kamati" peke yake. "Ya" na "harusi" popote pale zilipo. Na niambieni, barua gani ya Kiswahili haina "ya"?

Bosi wangu aliwahi kututumia waraka wenye kichwa "Kamati ya Nidhamu". Ndani anakemea watumishi wanaotoroka kazi kwa kusingizia magonjwa, misiba na harusi. Na harusi, jamani!

Jibu likaingia. Nikaona jina lake, nikajua ni mambo ya kazi. Nikafungua. Nilichokiona kwanza ni chini: "Wajumbe", kila mstari umewekewa kile kimshale cha nukuu. Hilo neno nimeliandika mimi. Tumbo likanguruma. Nikapandisha macho taratibu, viti, maturubai, malaria, mpaka juu kabisa alipoandika yeye: "Pole kwa malaria ya Ijumaa. Cheti cha daktari kilete Alhamisi."

Na amewajibu wote. Mama mkwe mtarajiwa wa binamu, mjumbe wetu, naye akajibu wote kuuliza nimepimwa hospitali gani.

Basi, nimeitwa, nimeomba radhi, Ijumaa nipo kazini, maturubai atabeba shemeji. Wajuzi, najua: 'subject:"kamati ya harusi"', alama moja moja nje, mbili mbili ndani. Msinifundishe tena. Na uliyenitumia dawa mseto kwa bodaboda hadi mapokezi ya ofisi, nauli nimelipa mwenyewe.