Elimu ya masafa na swali la nani anajibu

Mwaka 1728 Caleb Phillips alitangaza gazetini mjini Boston kwamba watu wa mashambani wangeweza kujifunza hatimkato, yaani mwandiko wa haraka wa alama fupi, kwa kutumiwa masomo kila wiki. Tangazo lake halikusema kama kazi ya mwanafunzi ingesomwa na mtu. Mwaka 1840, Uingereza ilipoanza kutumia stempu ya peni moja, Isaac Pitman naye alifundisha hatimkato kwa posta, ila yeye alipokea mazoezi ya wanafunzi, akayasahihisha na kuwarudishia. Wengi humtaja Phillips kama mwanzilishi wa elimu ya masafa, yaani kusoma bila kukaa pamoja na mwalimu. Mimi naanzia kwa Pitman, kwa sababu kutuma masomo tu ni kazi ambayo hata kitabu huifanya.

Historia ya elimu hii husimuliwa kwa kupanga vyombo: barua, redio, televisheni, kisha intaneti, kana kwamba kila kipya kilimsogeza mwalimu karibu zaidi. Haikwenda hivyo. Mwaka 1951, huko Alice Springs nchini Australia, watoto wa mashamba ya mbali walianza kusoma kwa redio ya mawasiliano, na waliweza kumjibu mwalimu papo hapo. Televisheni ilileta picha nzuri, lakini mtazamaji hakuwa na njia ya kuuliza.

Hata jina lilibadilika. Baraza la kimataifa la taaluma hii, lililoanzishwa mwaka 1938, lilibeba maneno "elimu kwa posta" hadi 1982, lilipochukua "elimu ya masafa". Jina la kwanza lilitaja chombo. La pili lilitaja pengo. Pengo lenyewe ni lipi? Mtaalamu Michael Moore alilieleza vizuri kuliko wengi: umbali unaohusika hapa ni wa kuelewana, unaopungua mwalimu na mwanafunzi wanapozungumza na kuongezeka mazungumzo yanapokauka. Kwa maana hiyo, aliyekaa nyuma kabisa katika ukumbi wa watu mia tano naye anasoma kwa masafa.

Upande wa pili, wa wanaosema mtu anaweza kusoma hata bila mwalimu wa kumjibu, una hoja nzito, na sitaki kuupita juu juu. Tangu 1858 Chuo Kikuu cha London kiliwaruhusu watu ambao hawajawahi kukaa katika madarasa yake kufanya mitihani yake. Kwa miaka mingi kiliwapa mtihani, si mwalimu, na bado wengi walifaulu. Nelson Mandela alisoma sheria kupitia chuo hicho akiwa gerezani, kisha akapata shahada yake mwaka 1989 kupitia Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, nacho cha masafa. Mtu wa namna hiyo ukimwambia asubiri mpaka mwalimu wa kutosha apatikane, umemfungia mlango. Mwaka 2011 somo la akili bandia la Stanford lilifunguliwa bure mtandaoni, watu wapatao 160,000 wakajiandikisha na zaidi ya 20,000 wakamaliza. Ukumbi gani ungewatosha?

Lakini waliobaki njiani ni wengi mno. Wapo waliokuja kuonja tu, nakubali. Wapo pia waliokwama kwenye zoezi la tatu na hakuna aliyejua. Mfumo usio na mwalimu wa kujibu humfaa zaidi aliyekwisha kujua namna ya kusoma peke yake, ilhali ahadi ya elimu hii ilikuwa kwa waliokosa nafasi. Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1971 bila kudai sifa za awali, kililiona hilo: kiliajiri wakufunzi wa kusoma kazi za wanafunzi na kuziandikia maoni. Kuchapa vitabu kwa wingi hushusha gharama ya kila nakala. Kusoma insha elfu moja hakuna njia ya mkato. Ndiyo maana chuo kinachobana matumizi hupunguza wakufunzi kwanza.

Mwaka 2020, shule zilipofungwa na wanafunzi zaidi ya bilioni moja na nusu wakabaki nyumbani, wengi waliihukumu elimu ya masafa kwa yale waliyoyaona. Hukumu hiyo si ya haki. Masomo yaliyopangwa kwa siku chache, na walimu ambao hawakuandaliwa, yalikuwa ya dharura.

Leo programu hujibu swali kwa sekunde chache, na kwa swali la hesabu saa nane usiku huo ni msaada wa kweli. Ila mwanafunzi anayeelekea kuacha huwa haulizi swali; ananyamaza tu. Kwa hiyo anayetaka kujiandikisha aulize mambo mawili kabla ya kulipa ada: ni nani atakayesoma kazi yangu, na nikikaa wiki tatu bila kutuma kitu, ni nani atakayenitafuta?