Ubao haukumpiga mwamuzi

Kwanza nisahihishe. Ile sauti inayozunguka kwenye kundi tangu Jumapili, ya yule rafiki yangu ambaye mwenyewe anajijua, ina uongo mmoja: ubao wa gongo langu la kriketi haukumpiga mwamuzi. Hayo mengine tutayafikia.

Gongo lenyewe nililinunua kwa muuza vitu vikuukuu hapa Mombasa. Limekauka, kamba za mpini zimefumuka, raba imeoza. Muuzaji akaniapia kuwa lilikuwepo Pune, India, kwenye Kombe la Dunia mwaka 1996, siku Kenya ilipopata mikimbio 166 na West Indies wakatolewa wote kwa 93. Nilijua ananipanga. Nikalipa bei ya Pune vilevile.

Nikalikwangua kwa msasa mpaka mti wake, mwerebi, ukatoa weupe wake. Nikanunua mafuta mabichi ya linsidi. Wajuzi wanasema upake kidogo, ulilaze gongo, na pale mpini unapozama ndani ya ubao usipaguse, kwa sababu pana gundi. Mimi nikaona, ikiwa mafuta ni dawa, basi kiungo ndicho mgonjwa. Nikakipaka kila usiku kabla ya kulala. (Nawaona mnaojua kriketi mmeshika vichwa. Tulieni.) Kisha nikaligonga uso kwa nyundo ya mbao ili ukomae, hadi jirani akaja kuuliza kama nachonga jeneza.

Jumapili ikafika. Mpira ulidunda, ukanijia usawa wa kiuno. Nikajikunja, nikazungusha. Mlio ulikuwa mtamu, wallahi, na hapo hapo gongo likawa jepesi. Nikajisemea, kumbe ndiyo maana watu husifu magongo ya zamani! Nikapaza sauti, "Twende!" Nikatimka.

Mwenzangu wa upande wa pili hakutoka. Amesimama, kidevu juu, mdomo wazi. Mrushaji, kidevu juu. Mwamuzi, kidevu juu, mkono kwenye kofia. Nikatazama mkononi: mpini, umevaa raba yake mpya nyekundu, ncha imechongoka, inachuruzika linsidi.

Nikageuka.

Ubao ulikuwa hewani, unajizungusha taratibu, unameremeta. Naapa ulikuwa mzuri. Kipa amejikunyata, kafunika kichwa kwa glavu zote mbili. Ukafika juu kabisa, ukatulia kidogo kama unaochagua, ukaanza kushuka. Nilipata hata muda wa kusema, "Usiende huko." Ukaenda huko huko. Kijiti cha kati cha wiketi, vile vijiti vitatu nilivyokuwa navilinda, kikalala chali, na vile vidogo vya juu vikaruka, kimoja huku, kingine kule. Mpira ulikoishia sijui mpaka leo, hakuna aliyeutazama.

Nikabisha, lazima nibishe! "Mzee, wiketi imevunjwa na kitu gani? Gongo si hili ninalo mkononi?" Nikamwinulia mpini. Mzee wa watu akanijibu kwa upole ulioniumiza zaidi: sheria inasema kipande kilichochomoka kwenye gongo nacho ni gongo. "Umejitoa mwenyewe, mwanangu." Kidole juu.

Nikatoka, tukafungwa, nikanunulia watu soda, nikapanda tuktuk.

Sasa ile sehemu ya sauti inayosema eti niliendelea kukimbia. Ndiyo. Baada ya kutazama ubao ukianguka niligeuka tena, nikamaliza mbio yangu, nikafika ng'ambo, nikagusisha mpini chini ya mstari kwa usalama. Hapo rafiki yangu hakudanganya, ingawa kule kuiga mguno wangu hakukuwa na haja.

Ubao uko barazani, bado unatoa mafuta. Mwenye kujua gundi inayoshika mti ulioshiba linsidi aniandikie. Mwenye video, futa.