Taa ya betri ikiwaka usikimbilie kununua betri

Jamani hili naomba niliseme maana limenikera toka kipindi cha masika na kila wiki nakutana na mtu mwingine anaumia vilevile. Kile kitaa chekundu chenye mchoro wa betri kikiwaka kwenye dashibodi huku gari inatembea, hakikuambii betri imekufa, kinakuambia mfumo wa chaji una shida, yaani altaneta (ile jenereta ndogo inayozungushwa na injini) haizalishi umeme wa kutosha au inazalisha lakini haufiki unakotakiwa. Mchoro ni wa betri ndio, na hapo ndo hela za watu zinapopotelea, kwa sababu ukiona picha ya betri akili inaenda dukani kwenye betri moja kwa moja.

Mi natumia Toyota IST ya zamani yenye injini ya 1NZ. Siku ya kwanza ilikuwa jioni niko kwenye foleni Ubungo, mvua inanyesha, waipa zinapiga, taa kubwa zimewashwa na AC juu, kitaa kikaanza kupepesa, kinawaka kinazima kinawaka, nikikanyaga mafuta kidogo kinapotea, gari ikirudi sailensi (injini inanguruma bila kukanyaga mafuta) kinakuja tena. Asubuhi yake hakipo. Siku tatu nzima hakipo nikajua basi ilikuwa maji tu ya mvua, siku ya nne natoka Mbezi kikawaka kuanzia Kimara mpaka mjini.

Tatizo la aina hii ndo gumu kuliko yote kwa sababu linamkimbia fundi. Ukifika gereji limejificha, fundi anawasha gari, anachungulia dashibodi, anakwambia mbona iko poa. Na kwa sababu hakuna cha kuona anaanza kubahatisha, na kubahatisha kwake kunalipiwa na wewe.

Fundi wa kwanza alifanya kitu ambacho naomba kila anayesoma hapa akikatae kabisa. Aliacha injini inanguruma akachomoa teminali ya negative ya betri, eti gari isipozima basi altaneta ni nzima. Gari haikuzima, akasema altaneta nzima, betri ndo imechoka. Sasa sikieni, huo mtindo ni wa enzi za magari yasiyo na kontrol boksi, yaani kompyuta ya gari. Betri ndo inatuliza umeme wa altaneta, ukiitoa ghafla wakati altaneta inachaji volti inaweza kuruka juu sana kwa kufumba na kufumbua, na umeme huo unaenda kwenye kontrol boksi, kwenye regulata (inayodhibiti volti za altaneta), kwenye daiodi, kwenye redio. Unaweza kuingia gereji na tatizo la elfu ishirini ukatoka na la milioni. Na jibu lenyewe halina maana, maana gari inaweza isizime huku altaneta inatoa volti 12 na pointi, ambazo haziwezi kujaza betri hata ukitembea mpaka Dodoma.

Basi nikanunua betri mpya, laki na sitini. Na hapa ndo penye mtego, betri mpya inakuja na chaji yake kutoka dukani, kwa hiyo gari ikawa inapiga stata moja tu na mimi roho ikatulia. Siku kumi hivi. Halafu kitaa kikarudi, na asubuhi moja stata ikawa inazunguka kwa uvivu, betri ina wiki mbili. Fundi wa pili hakugusa chochote, alisikiliza maelezo tu akasema badilisha altaneta, kuna used za Japan nzuri, laki mbili na ufundi. Nilishaanza kutafuta hiyo hela.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja fundi wa umeme wa magari Tabata, nilipelekwa na jirani. Nikaanza kumsimulia akaniuliza swali moja.

"Mdogo wangu, hao wenzangu walipima wakapata ngapi?"

Nikamwambia mzee hakuna aliyepima. Akatikisa kichwa akaingia kwenye kijumba chake akatoka na mita, ile ya kawaida ya njano yenye waya mwekundu na mweusi. Gari imezimwa na imekaa karibu saa nzima, akaweka kwenye betri, volti 12.2. Akaniambia betri iliyojaa ikipumzika inatakiwa isome 12.6 hivi, 12.4 ni kama robo tatu, hii ya kwako mpya kabisa ipo nusu. Akawasha gari, mita ikasoma 12.1. Akawasha taa kubwa na feni, ikashuka 11.9. Wakati huo kitaa kwenye dashibodi kimezima! Hilo lilinishtua, nikajua kumbe kitaa kinaweza kukaa kimya huku chaji hakuna.

Halafu akafanya kitu kidogo sana. Akachukua bisibisi, akaigeuza, akagonga mgongo wa altaneta kwa mpini, ko, ko, ko, taratibu tu. Injini ikabadilika mlio, ikawa nzito kidogo kama imebebeshwa mzigo, na mita ikaruka kutoka 11.9 mpaka 14.1. Akaacha. Dakika mbili baadae ikaanguka tena 12. Akagonga, 14. Akasema, "Kaboni hizi, zimekwisha."

Akafungua teminali ya negative kwanza (na injini imezimwa, ule waya mnene nyuma ya altaneta una moto muda wote hata switchi ikiwa imezimwa, ukiugusisha spana na bodi unapiga shoti ya hatari), akatoa kifuniko cha nyuma, akatoa kile kishikio cha kaboni akaniwekea kiganjani. Kaboni ni vipande viwili vyeusi vinavyosukumwa na springi vikae juu ya ringi za rota (sehemu inayozunguka ndani ya altaneta) kupeleka umeme ndani. Zikiwa mpya zinachomoza kama milimita 10, vitabu vya Toyota vinasema zikifika 1.5 badilisha. Yangu moja ilikuwa inaonekana bado, ya pili imebaki kidogo haifiki unene wa sarafu na springi haina tena cha kusukuma. Ndo maana gari ikitikisika inagusa, ikitulia inaachia, ikipata joto inaachia zaidi. Akachomelea kaboni mpya kwa risasi, akasugua ringi na msasa laini, akafunga. Elfu ishirini kila kitu. Mita 14.2, na taa zote na AC vikiwashwa 13.8.

Kwa hiyo hasira yangu ndo hiyo. Mita ya kawaida haifiki bei ya kujaza mafuta nusu tenki na inakaa kwenye dashibodi, na vipimo vyenyewe ni viwili tu ambavyo mtu yeyote anaweza, kimoja gari imezimwa na kimoja inanguruma. Inanguruma ikasoma kati ya 13.8 na 14.5 chaji ipo. Ikisoma chini ya 13 chaji hakuna au ni kidogo. Ikizidi 15 regulata imeharibika na hiyo nayo inaua betri kwa kuichemsha, utaona maji yanaisha kila wiki. Magari mapya mapya kidogo kompyuta huwa inashusha chaji yenyewe kuokoa mafuta, kwa hiyo huko usihukumu kwa kipimo kimoja, washa taa na AC kwanza uone kama inapanda.

Na sio kila mara ni kaboni. Kabla hujamfikia mtu wa altaneta angalia vitu vya bure. Teminali za betri, ule unga mweupe au wa kijani unaokaa pale ni kizuizi kabisa, mwagia maji ya moto na magadi kidogo, sugua na brashi, kaza. Teminali ikizunguka kwa mkono ujue hapo hapo. Fenibelti, ule mkanda unaozungusha altaneta, ikilegea inateleza, hasa asubuhi au kwenye maji, inapiga kelele ya kulia ukiwasha gari na kitaa kinapepesa. Plagi ya waya tatu nyuma ya altaneta, kile kilimi chake kikivunjika (na huwa kinavunjika watu wakibadilisha belti kwa haraka) plagi inacheza, we itikise gari ikiwa sailensi, nguo na mikono ikae mbali na belti, uone kama kitaa kinabadilika. Fyuzi pia, Toyota nyingi za zamani zina moja ndogo imeandikwa ALT-S, watu wanabadilisha altaneta nzima kumbe ni fyuzi ya ampea 7.5.

Ila kinachosahaulika kuliko vyote ni waya wa ethi, ule unaounganisha negative ya betri na bodi na injini. Magari yetu mengi yameshafungwa na kufunguliwa injini mara kadhaa, ethi inarudishwa juu ya rangi au kutu, au hairudishwi kabisa. Kuipima ni rahisi, gari inanguruma na taa zimewaka, waya mmoja wa mita kwenye negative ya betri mwingine kwenye chuma kisafi cha injini, ikizidi volti 0.2 ethi ni mbovu. Mzee aliniambia ameshaletewa gari iliyobadilishwa altaneta mbili na dawa yake ilikuwa boliti moja na msasa.

Kuna na wale ambao chaji iko safi lakini gari ikilala usiku asubuhi haiwaki. Hiyo ni kesi nyingine, kuna kitu kinakunywa umeme usiku, mara nyingi redio iliyofungwa vibaya au traka (kile kifaa cha kufuatilia gari lilipo) au alamu.

Naomba na sisi wenye magari tubadilike, kabla hujatoa hela muulize fundi kwa heshima tu, umepima ukapata ngapi. Fundi mzuri hatakasirika, atakuonyesha mita. Akisema yeye ana uzoefu hahitaji kupima, chukua gari yako ondoka.

Kuna sehemu moja tu ambayo sitaki mtu aanze kupima wala kufikiria. Wiki iliyopita dada yangu alinipigia anatoka Chalinze, "kaka taa ya betri imewaka, lakini gari inatembea vizuri tu, nifike Mbezi?" Na yeye ana IST kama yangu. Nikamwambia dada simama pembeni, zima, fungua boneti uniambie kama belti ipo. Akakaa kimya kidogo akasema haipo, kuna vipande vimeninginia. Kwenye hii injini belti hiyohiyo ndo inazungusha pampu ya maji, kwa hiyo taa ya betri ilikuwa inamwambia maji yameacha kuzunguka na injini inaanza kuchemka, na IST haina geji ya joto ya mshale ya kumuonyesha. Alikuwa ameshafika karibu na Kibaha Maili Moja. Alisubiri pale pembeni saa moja na nusu mpaka fundi alipomfuata na belti.